Objekti mlangoni, funksheni ndani: mwongozo wa kuandika programu ya kituo cha zabibu

Kituo cha kupokelea zabibu hakihitaji programu kubwa. Mkulima analeta kreti, kreti zinapanda mizani, mtu anapima sukari kwa refraktomita, bei inatafutwa, makato yanatolewa, stakabadhi inachapwa. Mistari 300 ya Python inatosha. Lakini ni kazi nzuri ya kujifunzia, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yasiyofanana: hesabu, ambayo inapaswa kutoa jibu lilelile leo na mwaka ujao, na vifaa, ambavyo kila dakika vina hali mpya. Ukiviandika vyote kwa mtindo mmoja, uwe wa objekti au wa funksheni, upande mmoja utakusumbua.

Mwongozo huu unajenga programu hiyo kwa ajili ya ushirika wa wakulima, mithili ya ile ya vijiji vya zabibu vinavyoizunguka Dodoma kama Hombolo na Mpunguzi. Bei, makato na uzito wa kreti humu ni mfano tu. Unahitaji Python 3.10 au toleo la baadaye, kwani tutatumia `match`. Unahitaji pia kuwa umeshawahi kuandika klasi na funksheni, hata kama hukuwahi kujiuliza lini utumie ipi.

Mitindo yenyewe ni ya zamani. Lisp, mama wa lugha za kifunksheni, ilianza 1958 kwa John McCarthy kule Marekani. Simula 67, iliyoleta klasi na objekti, ilitoka Norway kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Kwa miaka mingi kila kambi ilijitenga, hadi lugha za kawaida zilipoanza kuchukua kutoka pande zote mbili: Scala ilizaliwa 2004 ikiwa na vyote kwa makusudi, na Java ikapata lambda (funksheni fupi isiyo na jina) katika toleo la 8 mwaka 2014. Leo swali si uchague kambi gani. Swali ni mpaka upite wapi.

Hatua ya 1: Chora mpaka kabla ya kuandika chochote

Chukua karatasi, andika kila jambo ambalo programu itafanya, kisha kwa kila jambo jiulize: nikiipa taarifa zilezile mara mia, je, jibu litakuwa lilelile mara mia?

Kutoa uzito wa kreti tupu kwenye uzito wa jumla: ndiyo. Kuchagua bei kwa aina, tarehe na kiwango cha sukari: ndiyo. Kukata mkopo wa pembejeo: ndiyo. Kusoma mizani: hapana, mzigo unabadilika. Kusoma deni la mkulima kwenye kanzidata: hapana. Kuchapa: hapana, karatasi inaweza kuisha. Kuuliza leo ni tarehe ngapi: hapana, na hili ndilo wengi hulisahau.

Yote ya "ndiyo" yatakuwa funksheni safi, yaani funksheni isiyosoma wala kugusa kitu chochote zaidi ya ulichoipa mkononi. Yote ya "hapana" yatakaa ndani ya objekti chache, mlangoni mwa programu. Ndani ya funksheni safi usiweke `print`, usiweke `date.today()`, usifungue faili. Ikihitaji tarehe, ipewe tarehe.

Hatua ya 2: Tengeneza data isiyobadilika

Anza na mzigo wenyewe. `brix` ni kiwango cha sukari.

```python
from dataclasses import dataclass
from datetime import date
from decimal import Decimal

@dataclass(frozen=True)
class Mzigo:
    namba: str
    mkulima: str
    tarehe: date
    aina: str
    kreti: int
    gramu_jumla: int
    brix: Decimal

@dataclass(frozen=True)
class Bei:
    aina: str
    kuanzia: date
    brix_chini: Decimal
    sh_kwa_kilo: int

@dataclass(frozen=True)
class Kanuni:
    gramu_za_kreti: int
    asilimia_ushirika: int
```

Neno linalobeba kazi hapo ni `frozen=True`. Mtu akijaribu kuandika `bei.sh_kwa_kilo = 1500`, Python inamkatalia papo hapo kwa kosa la `FrozenInstanceError`. Akitaka bei nyingine, anatengeneza `Bei` nyingine kwa `replace(bei, sh_kwa_kilo=1500)` (`replace` nayo inatoka `dataclasses`), na ile ya kwanza inabaki kama ilivyokuwa.

Faida yake utaiona siku bei ikibadilika katikati ya siku. Tuseme kituo kimefunguliwa asubuhi na bei ya sh 1,450 kwa kilo, mizigo 40 imeshapokelewa, na saa 8 mchana mnunuzi anapandisha hadi 1,500. Katika programu ambayo bei ni objekti inayobadilika, stakabadhi zote 40 za asubuhi zinaielekeza objekti hiyohiyo moja. Karani anaandika bei mpya, kila kitu kinaonekana sawa. Jioni mkulima wa saa 3 asubuhi amepoteza karatasi yake, anaomba ichapwe tena, na inatoka ya sh 1,500. Fedha aliyolipwa ni ya 1,450. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na ukiisoma programu mstari kwa mstari hutaona kosa, kwa kuwa hakuna mstari uliokosewa. Kosa ni kwamba watu 40 walishirikishwa kitu kimoja chenye uwezo wa kubadilika. Kwa `frozen`, stakabadhi ya asubuhi imeshika bei ya asubuhi, na hakuna njia ya kawaida ya kuigeuza.

Tahadhari moja: `frozen` inafunga mlango wa mbele tu. Ukiweka orodha ya Python ndani ya klasi hiyo, huwezi kuibadilisha orodha kwa nyingine, lakini unaweza kuiongezea vitu kwa `append` na hakuna atakayekuzuia. Ndani ya data isiyobadilika tumia `tuple` badala ya orodha.

Angalia pia kwamba uzito ni gramu kwa namba kamili, na fedha ni shilingi kwa namba kamili. Usitumie `float` kwenye fedha. Jaribu `0.1 + 0.2` kwenye Python: unapata `0.30000000000000004`, kwa sababu kompyuta inahifadhi desimali hizo kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haina mwisho katika mfumo huo, kama theluthi isivyo na mwisho katika mfumo wetu wa kumi. Sukari ina desimali, ndiyo maana ni `Decimal`, na itengeneze kutoka maandishi: `Decimal("18.2")`. Ukiandika `Decimal(18.2)` bila alama za kunukuu, umeshaingiza uchafu wa `float` kabla hujaanza.

Hatua ya 3: Andika hesabu

Hapa hakuna klasi yenye hali. Kuna funksheni fupi, kila moja na kazi moja.

```python
def gramu_halisi(mzigo, gramu_za_kreti):
    return mzigo.gramu_jumla - mzigo.kreti * gramu_za_kreti

def thamani(gramu, sh_kwa_kilo):
    return gramu * sh_kwa_kilo // 1000

def chagua_bei(mzigo, bei_zote):
    zinazofaa = [b for b in bei_zote
                 if b.aina == mzigo.aina
                 and b.kuanzia <= mzigo.tarehe
                 and b.brix_chini <= mzigo.brix]
    return max(zinazofaa,
               key=lambda b: (b.kuanzia, b.brix_chini),
               default=None)
```

Pima kwa mfano. Mzigo wa Makutupora Red, kreti 8, mizani inasoma gramu 186,450. Kreti tupu ni gramu 1,800, hivyo kreti zote ni 14,400 na zabibu zenyewe ni 172,050. Kwa sh 1,450 kwa kilo, jibu la kikokotoo ni 249,472.5. Nusu shilingi hiyo inataka uamuzi, na uamuzi huo uwe kwenye mstari mmoja unaojulikana. `//` inashusha daima: 249,472. Ukitumia `round` ya Python utashangaa, kwani nusu inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu: 249,472.5 inashuka kuwa 249,472 lakini 249,473.5 inapanda kuwa 249,474. Wakulima wawili wenye nusu shilingi, mmoja ameongezwa, mwingine amepunguzwa. Jaribu kulieleza hilo mbele ya mkutano wa wanachama.

`chagua_bei` ina mtego wake. Inatazama tarehe kwanza, kisha kiwango cha sukari. Ukitoa bei mpya ya daraja la juu tu na kuliacha daraja la chini bila kulitaja, mzigo wa sukari ndogo utaendelea kupata bei ya zamani. Huenda ndivyo unavyotaka, huenda sivyo. Njia salama ni kutoa jedwali zima upya kila bei inapobadilika, hata kwa daraja ambalo halikuguswa. Na kwa kuwa `Bei` yetu inabeba tarehe bila saa, mabadiliko ya saa 8 mchana hayatatenganishwa na bei ya asubuhi: yatakuwa na tarehe ileile, na `max` ikikuta mbili zilizolingana inarudisha ya kwanza iliyokutana nayo. Kituo chenye desturi ya kubadili bei katikati ya siku kitumie `datetime` kwenye `kuanzia` na kwenye mzigo. Hili liulize kabla ya kuandika, si baada.

Sasa unganisha.

```python
@dataclass(frozen=True)
class Stakabadhi:
    mzigo: Mzigo
    bei: Bei
    gramu: int
    jumla: int
    ushirika: int
    mkopo: int

    @property
    def taslimu(self):
        return self.jumla - self.ushirika - self.mkopo

@dataclass(frozen=True)
class Kataa:
    sababu: str

def kokotoa(mzigo, bei_zote, deni, kanuni):
    bei = chagua_bei(mzigo, bei_zote)
    if bei is None:
        return Kataa("hakuna bei kwa aina na sukari hii")
    gramu = gramu_halisi(mzigo, kanuni.gramu_za_kreti)
    if gramu <= 0:
        return Kataa("kreti zimezidi uzito wa mzigo")
    jumla = thamani(gramu, bei.sh_kwa_kilo)
    ushirika = jumla * kanuni.asilimia_ushirika // 100
    mkopo = min(deni, (jumla - ushirika) // 2)
    return Stakabadhi(mzigo, bei, gramu, jumla, ushirika, mkopo)
```

Kwa mfano wetu, ushirika ukikata asilimia 2 unapata 4,989. Zinabaki 244,483. Mkopo haukatwi zaidi ya nusu ya zilizobaki, yaani 122,241, na mkulima anadaiwa 90,000, hivyo zinakatwa 90,000 zote na mkulima anaondoka na 154,483.

`taslimu` ni methodi ndani ya klasi, na hakuna ubaya. Mitindo miwili haigombani hapo: objekti inajua kujibu swali kuhusu data yake yenyewe, na jibu halibadilishi kitu. Watu waliogundua funksheni juzi hupenda kuzitoa methodi zote nje ya klasi kana kwamba klasi ni uchafu. Kuandika `s.taslimu` ni kwepesi kusomeka kuliko `hesabu_taslimu(s)`, basi.

Ona pia kwamba mzigo uliokataliwa unarudi kama jibu la kawaida, `Kataa`, na si kosa la kurushwa kwa `raise`. Kukataliwa kwa mzigo ni jambo la kila siku kituoni. `raise` iwekee waya uliokatika.

Hatua ya 4: Jenga mlango

Mizani ya kielektroniki yenye waya hutuma mistari ya maandishi mfululizo. Baadhi hutuma mfano wa `ST,GS,+00186.45kg`, ambapo `ST` ni uzito uliotulia na `US` ni uzito unaocheza. Soma kitabu cha mizani uliyonayo, maana mpangilio hutofautiana. Kosa la kawaida ni kuandika klasi moja ya `Mizani` inayosoma waya na kuchambua maandishi palepale. Tenganisha:

```python
def soma_mstari(mstari):
    sehemu = mstari.strip().split(",")
    if len(sehemu) != 3 or sehemu[0] != "ST":
        return None
    kilo = sehemu[2].replace("kg", "").replace(" ", "")
    return int(Decimal(kilo) * 1000)

class MizaniHaijatulia(Exception):
    pass

class Mizani:
    def __init__(self, waya):
        self._waya = waya

    def soma_gramu(self, mara=20):
        for _ in range(mara):
            mstari = self._waya.readline().decode("ascii", "ignore")
            gramu = soma_mstari(mstari)
            if gramu is not None:
                return gramu
        raise MizaniHaijatulia()
```

`soma_mstari` unaweza kuijaribu ukiwa umekaa nyumbani Area D bila mizani yoyote. `Mizani` imebaki nyembamba: inashika waya, inajaribu mara 20, inakata tamaa. Waya inapewa kutoka nje, haiufungui yenyewe, na ndiyo maana kwenye jaribio unaweza kuipa objekti ya uongo yenye `readline` tu.

Kanzidata ndiyo sehemu inayotaka akili zaidi, na hapa funksheni safi hazikuokoi. Tuseme mizani ni mbili, na mkulima mwenye deni la 90,000 ameleta mizigo miwili, mmoja kila upande. Makarani wote wawili wanasoma deni kwa sekunde ileile: 90,000. `kokotoa` inafanya kazi yake sawasawa mara mbili, na mkulima anakatwa 180,000. Hesabu ni sahihi. Deni lililoingizwa ndilo lilikuwa limechacha. Kwa hiyo kusoma deni, kukokotoa na kuandika lazima viwe tendo moja lisilogawanyika:

```python
import sqlite3

class Daftari:
    def __init__(self, njia):
        self._db = sqlite3.connect(njia, isolation_level=None)

    def pokea(self, mzigo, bei_zote, kanuni):
        with self._db:
            self._db.execute("BEGIN IMMEDIATE")
            deni = self._soma_deni(mzigo.mkulima)
            jibu = kokotoa(mzigo, bei_zote, deni, kanuni)
            if isinstance(jibu, Stakabadhi):
                self._andika(jibu)
        return jibu
```

`BEGIN IMMEDIATE` inachukua kufuli la kuandika kabla ya kusoma deni. Karani wa pili anasubiri. Kwa kawaida `sqlite3` ya Python husubiri hadi sekunde 5, kisha inalalamika kwamba kanzidata imefungwa. Umeme ukikatika katikati, tendo lote linafutwa na hakuna nusu mzigo. `with` hapo inafunga tendo, haifungi muunganisho wa kanzidata, kwa hiyo `close` unaiita mwenyewe mwisho wa siku. Methodi mbili zenye mstari wa chini mwanzoni, `_soma_deni` na `_andika`, hazimo humu kwa kuwa ni SQL ya kawaida. La muhimu ndani ya `_andika` ni kwamba ipunguze deni kwa kiasi cha `mkopo`, na namba ya mzigo iwe ufunguo wa pekee kwenye jedwali, ili karani aliyebonyeza mara mbili asiandike mara mbili.

Usiweke faili la SQLite kwenye folda ya mtandao ili kompyuta mbili ziligombanie. Mizani mbili kwenye kompyuta moja ni sawa. Kompyuta mbili zinataka seva.

Kisha sehemu ya juu kabisa inakuwa fupi (`printa` ni objekti nyingine ya mlangoni):

```python
match daftari.pokea(mzigo, bei_zote, kanuni):
    case Stakabadhi() as s:
        printa.chapa(s)
    case Kataa(sababu):
        printa.chapa_kataa(mzigo, sababu)
```

Kuchapa kunakuja baada ya kuandika, nje ya kufuli. Karatasi ikikwama, stakabadhi ipo kwenye kanzidata na inachapwa tena. Ukichapa ndani ya kufuli, printa iliyokwama imesimamisha mizani zote mbili.

Hatua ya 5: Amua kitakachoongezeka

Programu itakua, na hapa ndipo watu hukosea kuchagua mtindo kwa mazoea. Jiulize: baadaye vitaongezeka *vitu* au *kazi*?

Tazama malipo. Leo taslimu, kesho M-Pesa, keshokutwa Airtel Money, halafu benki. Vitu vinaongezeka, kazi ni ileile: lipa kiasi hiki kwa mtu huyu, nipe namba ya muamala. Hapo tumia objekti. Kila njia iwe klasi yake yenye methodi `lipa`, na ukiongeza njia mpya hugusi zilizopo. Hizi pia zina hali halisi, kwani zina funguo za siri na muunganisho unaokatika, kwa hiyo zinakaa mlangoni.

Tazama sasa ripoti. Aina za majibu ni mbili tu, `Stakabadhi` na `Kataa`, na haziongezeki. Ila kila wiki katibu anaomba ripoti mpya: kilo kwa kila kijiji, wastani wa sukari, nani amemaliza deni. Kazi ndizo zinazoongezeka. Andika kila ripoti kama funksheni inayopokea stakabadhi na kurudisha jedwali. Ukizigeuza kuwa methodi za `Stakabadhi`, baada ya msimu mmoja utakuwa na klasi yenye methodi 30 ambazo nusu yake hakuna anayezikumbuka, na zabibu za Dodoma zina misimu miwili kwa mwaka.

Makato yako katikati. Kishawishi ni kutengeneza klasi mama `Kato`, kisha `KatoLaUshirika`, `KatoLaMkopo` na wajukuu wake. Kama kila kato ni kanuni ya hesabu tu, funksheni inatosha, na orodha ya funksheni inachukua nafasi ya ukoo mzima. Ila jihadhari ukizitengeneza kwa kitanzi:

```python
makato = [lambda j: j * a // 100 for a in (2, 3, 5)]
```

Zote tatu zitakata asilimia 5. Kila `lambda` imeshika jina `a`, haikushika thamani yake, na kitanzi kikiisha `a` ni 5. Andika `lambda j, a=a: j * a // 100`, au tumia `functools.partial`.

Mfano wa kupimia mpaka wako: kesho ushirika unataka kupokea mahindi na alizeti. Sukari haipo tena, kuna unyevu. Kreti haipo, kuna gunia. Kama umechora vizuri, `Daftari`, `Mizani`, `thamani` na makato vinabaki vilevile, na kinachobadilika ni `Mzigo`, `Bei`, `Kanuni` na funksheni zinazozisoma, kama `chagua_bei` na `gramu_halisi`. (Na kwa kuwa `thamani` inalipa kwa gramu, habari ya lumbesa haina pa kuingilia.) Ukijikuta unafungua klasi ya mizani ili kuongeza alizeti, mpaka umepita pabaya.

Hatua ya 6: Jaribu ndani kwanza

Majaribio ya hesabu hayahitaji vifaa wala intaneti.

```python
def test_mfano_wa_kreti_nane():
    m = Mzigo("A1", "M-017", date(2025, 3, 4), "Makutupora Red",
              8, 186_450, Decimal("18.2"))
    b = Bei("Makutupora Red", date(2025, 3, 1), Decimal("16"), 1450)
    s = kokotoa(m, (b,), 90_000, Kanuni(1800, 2))
    assert (s.jumla, s.ushirika, s.mkopo) == (249_472, 4_989, 90_000)
    assert s.taslimu == 154_483
```

Andika mengine kwa mipaka: sukari iliyo sawasawa na kiwango cha chini, deni sifuri, tarehe ya siku bei inapoanza, kreti nyingi kuliko mzigo. Kwa mlango, jaribio moja kwa kila objekti linatosha: mizani isiyotulia, mzigo ulioandikwa mara mbili. Ukiona jaribio la hesabu linakudai utengeneze kanzidata ya uongo, kuna mtu ameingiza kanzidata ndani. Itoe, usihangaike kuidanganya.

Yanayoharibika mara kwa mara

*Kichujio kinachoisha.* `filter`, `map` na jenereta za Python hutoa vitu mara moja tu. Ukiandika `nyekundu = filter(...)`, ukajumlisha kilo, kisha ukahesabu idadi ya mizigo, idadi itakuwa sifuri, wala hutapewa onyo. Ripoti yenye kilo 9,000 na mizigo 0 imetokana na hili. Tumia orodha au `tuple` pale utakaposoma zaidi ya mara moja. Java ni mkali zaidi: Stream ikitumiwa mara ya pili inarusha `IllegalStateException`, na heri hivyo.

*Orodha kama chaguo-msingi.* `def ongeza(s, orodha=[])` inatengeneza orodha moja tu, pale `def` inapotekelezwa, na kila anayeiita funksheni anaishiriki. Stakabadhi za mkulima mmoja zinaonekana kwa mwingine. Weka `None`.

*Kujirudia badala ya kitanzi.* Waliotoka Haskell, lugha ya kifunksheni, hupenda funksheni inayojiita. Python ina kikomo cha kawaida cha miito 1,000, na haiokoi nafasi hata pale funksheni inapojiita kama tendo lake la mwisho. Kituo chenye mizigo 1,200 kitaanguka jioni, baada ya kwenda vizuri wiki nzima ya mwanzo wa msimu. Kitanzi cha `for` ndani ya funksheni safi hakina dhambi. Kigeu kinachobadilika ndani na kufa humohumo hakimdhuru mtu.

*Mnyororo mrefu.* `reduce` yenye `lambda` ndani ya `lambda` inapendeza siku ya kuandika. Ikizidi hatua tatu, ipe kila hatua jina.

Ukiwa kwenye lugha nyingine

Mpaka ni uleule, vifaa ndivyo vinatofautiana. Java inakupa `record` tangu toleo la 16 (2021) kwa data isiyobadilika, na klasi za `sealed` tangu 17. Ukizitumia pamoja na `switch` ya toleo la 21, mkusanyaji (compiler) mwenyewe anakuambia umesahau kushughulikia `Kataa`, jambo ambalo Python pekee haifanyi bila kifaa cha kukagua aina. PHP, ambayo mifumo mingi ya ofisi bado inaiendesha, ina sifa za `readonly` tangu 8.1 na klasi nzima tangu 8.2. Kwenye Kotlin, `List` ni ya kusoma tu kwa anayeishika, lakini mwingine anaweza kuwa ameishika ileile kama `MutableList` na anaibadilisha.

JavaScript inahitaji jicho zaidi. `map` na `filter` zinarudisha orodha mpya, lakini `sort` inapanga orodha uliyonayo na kuivuruga kwa kila anayeitumia. Isitoshe, bila kuipa kanuni, inalinganisha kama maandishi: `[10, 9, 1].sort()` inatoa 1, 10, 9. Tumia `toSorted` iliyokuja na ES2023 (toleo la JavaScript la 2023), na uipe `(a, b) => a - b`. Fedha ziwe namba kamili huko pia, maana namba ya kawaida ya JavaScript ni `float` ileile yenye `0.30000000000000004`.

Kwa programu iliyopo tayari, yenye klasi moja kubwa inayofanya yote, usiibomoe. Tafuta methodi moja yenye hesabu ya fedha, itoe nje iwe funksheni inayopokea kila inachohitaji, iandikie jaribio kwa namba za stakabadhi halisi za msimu uliopita, kisha methodi ya zamani iiite hiyo. Fanya moja kwa wiki, ukianza na ile ambayo wakulima huilalamikia zaidi.